Zamu Isiyotakiwa

Kwa miaka miwili, mama mmoja fundi cherehani alikuwa akifungwa sataranji na mume wa dada yake kila walipopumzika kazi mchana. Siku hiyo, kwenye meza ya kukatia vitambaa, kila mmoja alibakiwa na mfalme na askari mmoja tu, na askari hao walikuwa wamekabana uso kwa uso. Fundi alimkimbiza mfalme wake hadi ubavuni mwa askari wa shemeji. Shemeji naye akamleta wake ubavuni mwa askari wa fundi.

"Haya, zamu yako."

Fundi akapima kila mraba. Popote ambapo mfalme wake angekwenda, askari wake angebaki bila mlinzi.

"Nikitulia tu, je?"

"Hairuhusiwi. Ingekuwa zamu yangu, mama, mimi ndiye ningelia. Hapa anayecheza ndiye anayeumia."

Fundi akaomba warudie tangu kabla wafalme hawajasogea. Safari hii alimzungusha mfalme akamtishia askari wa shemeji kwa nyuma. Shemeji akalazimika kuja kumlinda. Ndipo fundi akashuka hatua moja, ubavuni mwa askari huyo, akaondoa mkono. "Haya, zamu yako."

Shemeji akatazama ubao, akacheka. "Leo umenipata, mama."