Rangi ya Ukuta wa Tima

Haya alinihadithia Tima mwenyewe, Jumatatu iliyopita baada ya alasiri, tukichagua mchele barazani kwangu, naye akicheka mpaka mawe yakawa yanampita.

Tima alirithi nyumba ya mamake pale mtaa wa Langoni pamoja na kila kilichokuwemo, vitanda, makabati, hata upawa. Ukuta wa juu unaotazama kichochoro ulikuwa mweupe tangu yeye hajazaliwa. Kila mwaka kabla ya Ramadhani mamake aliupaka chokaa, na Tima ndiye mshika ndoo. Sasa ana miaka arubaini na miwili, na hajapata kuchagua rangi ya kitu kikubwa kuliko leso.

"Mwaka huu," akamwambia mumewe Fadhil, "nyumba hii itanijua mimi."

Fadhil akavuka kwa mashua hadi Mokowe, akarudi na ndoo mbili za kijani kibichi. Alhamisi akapaka tangu asubuhi, na kufikia magharibi ukuta ulikuwa umeiva wote. Bwana Abdulwahid, muuza samaki wa mtaa, akasimama chini akautazama.

"Fadhil, naona mmefungua duka la dawa. Ya kikohozi mwauza pesa ngapi?"

"Ya kikohozi imekwisha. Imebaki ya wivu."

Tima akacheka dirishani. Ilikuwa rangi yake.

Jumamosi, saa nne asubuhi, akampelekea Bi Ghada sahani ya mahamri. Bi Ghada ni jirani wa mbele, mtu mzima. Madirisha yao yamekaribiana hata chumvi hupeana kwa mkono. Kazi yake ni kushona kofia za vito, zile za matundu yaliyozungushiwa uzi, tundu baada ya tundu, na siku zile alikuwa na kofia ya mjukuu wake Ammar, ambaye harusi yake ilikuwa Ijumaa ya pili. Tima akamkuta amewasha taa mchana ule, kofia ameisogeza mpaka puani.

"Bi Ghada, mato yauma?"

"Hayaumi. Yamekosa ukuta."

Ndipo Tima akaelewa. Kichochoro ni chembamba, jua haliingii chumbani mle. Hupiga kwenye ukuta wa Tima kwanza, kisha mwanga ndio urudi dirishani kwa Bi Ghada. Miaka thelathini ameshona hivyo. Kijani kile kimeunywa mwanga wote.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, mwanangu? Ukuta si wako?"

Tima akakaa mkekani. Akiacha kijani, Ammar ataoa kichwa wazi na jirani yake atamaliza macho. Akirudisha weupe, ni kama amemrudisha mamake na ndoo yake. Akamwambia Bi Ghada yote mawili bila kuficha.

Bi Ghada akatafuna hamri taratibu. "Nani kataka weupe? Mimi nataka mwanga. Wewe tafuta rangi, nami nitatunga sindano. Uzi ukipita, paka."

Kupaka na kufuta kungewamaliza, basi Tima akatoa mashuka ya nyumba nzima, akapanda juu, akayateremsha ukutani moja moja.

La waridi likashuka. Uzi ukapita mara ya tatu.

"Lakini naona kama nashona peremende," akasema Bi Ghada. "Toa."

La samawati likashuka. Uzi ukapita upesi, kisha Bi Ghada akaitazama mikono yake. "Mikono yangu imekuwa ya maiti, astaghfirullah. Toa."

La zambarau alilipungia mkono tu. Chini watu walishajaa, na Abdulwahid yupo. "Dawa zimewashinda, sasa mwauza mashuka?"

"Wewe kwako hakuna hata la kujifunika," akajibu Tima, na kichochoro kizima kikaangua kicheko.

Likabaki moja, la chini kabisa kabatini, manjano iliyofuliwa mpaka ikawa kama tui lililotiwa bizari kidogo. Akaliteremsha akiwa amekwisha kukata tamaa. Akainama kuchungulia dirishani kwa jirani.

"Bi Ghada? Haujapita?"

"Umepita zamani. Niko tundu la nne, usinisemeshe."

Tima akashuka mbio, akavuka, akapanda kwa Bi Ghada. Chumba kilikuwa kimeng'aa mpaka pembeni, na uso wa yule mama umepata damu. Akasimama mlangoni akitweta. Rangi hii hakuwahi kuiona ukutani kwa mamake, wala kwa mtu mwingine.

"Hii ndiyo yangu," akasema.

Fadhil akavuka tena Mokowe, shuka begani. Nicodemus, muuza rangi, akamwangalia. "Bwana, dobi yuko nyuma ya soko." Hata hivyo akachanganya, manjano tone kwa tone ndani ya nyeupe, akijaribu kwenye pindo la shuka mpaka doa halikuonekana tena.

Jumatano ukuta ukapakwa mikono miwili, wa pili juu ya wa kwanza. Baada ya chakula cha mchana Fadhil alilala nyumbani, rangi ingali ndevuni. Tima hakuwa na raha, maana ukuta ule ukiwa ndani ya nyumba yake huuoni. Akaenda kwa Bi Ghada, akajinyoosha mkekani akiutazama kupitia dirishani.

"Wanipendeza," akasema.

"Nami," akajibu Bi Ghada, akishona. Akataka kumwambia kwamba kofia itakwisha kesho, akakuta Tima keshalala, mdomo wazi. Akamalizia safu yake, akachomeka sindano kwenye kitambaa, akaegemea mto, naye akalala katikati ya mwanga ule.