Winga wa Kushoto Aliyehamia Akalla

Jumamosi asubuhi Alma alishuka na kapu la nguo chafu mpaka chumba cha kufulia cha jengo lao, mtaa wa Akalla, Stockholm. Zamu ilikuwa yake, aliiweka tangu wiki iliyopita, na katika jengo lile mtu husamehewa mengi lakini si kuingilia zamu ya kufua. Akakuta mashine moja tayari inazunguka. Mbele yake kasimama kijana wa Kizungu, kifua wazi, kaptula ya kitambaa kizito imemfika chini ya magoti, na njumu za ngozi zimepanda mpaka juu ya vifundo. Alikuwa akiitazama jezi yake ikizunguka na povu.

Alma akamwambia kwa Kiswidi kwamba saa hizi ni zake, akamwonyesha ubao wa zamu ukutani. Kijana akajibu kwa Kiswahili, akaomba radhi, akasema hakujua kama kufua nako kuna zamu, na kwamba yeye anaitwa Ambrose Hindle.

"Basi ngoja imalize," Alma akasema. "Lakini siku nyingine weka zamu kama wenzako."

Jina hilo alilijua tangu akiwa mtoto Muheza. Ndiye babu yake mama yake, mzaa baba: winga wa kushoto wa timu ya mji mmoja wa viwanda vya pamba huko Uingereza, enzi za Malkia Victoria, halafu seremala wa misheni, halafu marehemu, kabla hata Vita vya Kwanza vya Dunia havijaanza. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjika kwa juu, sawasawa na la Mama, sawasawa na la Dalia, binti yake Alma. Alma alikuwa kitukuu wake, na kwa sura alimzidi umri miaka ishirini na ushei. Akatia nguo zake kwenye mashine ya pili, akaweka sabuni.

Kufikia mchana jengo zima lilikuwa na habari. Hakuna aliyeshangaa kwamba marehemu amekuja Akalla. Nusu ya watu wa pale walikuwa wametoka mbali kuliko yeye, na kwa taabu zaidi. Kilichowaudhi ni ile zamu. Bwana Egide wa ghorofa ya pili, Mrundi, mwalimu wa kwaya na mwongozaji wa karibu misiba yote ya Waafrika wa kaskazini mwa Stockholm, alimsimamisha Hindle ngazini akamweleza bila kupepesa macho.

"Kufa si ruhusa ya kuruka zamu za wenzako, bwana. Hapa tunaishi kwa utaratibu."

Hindle akakubali kosa. Alikuwa mtu wa adabu, hilo hakuna anayeweza kumnyima.

Alma alimpandisha nyumbani kwa sababu jezi ilikuwa bado mbichi na nje ilikuwa Oktoba. Mama Magdalene alikuwa sebuleni, miguu imevimba, kaiegesha juu ya kigoda. Moyo wake ulikuwa umechoka, na madaktari walishaacha kuzungumzia kupona, wakawa wanazungumzia mito na namna ya kulala. Akamtazama mgeni toka njumu mpaka sikio, bila haraka.

"Ndiye," akasema. "Kumbe mzuri. Sasa namwelewa Bibi."

Kwao Muheza babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na mjukuu humwita bibi yake mke mwenzangu, na hao wawili humgombea mzee kwa mzaha kutwa nzima. Mama Magdalene alilelewa na Bibi Chausiku, mama wa baba yake, na tangu alipojua kusema alimwita mke mwenzangu, ingawa mume waliyemgombea alikwishapanda meli zamani wala hakuleta hata salamu. Utani huo alikuwa ameuweka moyoni maisha mazima bila mtu wa kumtupia. Sasa mtu kaja, kakaa kwenye kochi.

"Mume wangu," akamwambia, "umechelewa wewe. Mke mwenzangu kakungoja mpaka meno yakamwisha."

Mjukuu akitania, babu hujibu. Hata kama ana homa, atasema lolote. Akinyamaza ni sawa na kusema huyu simjui. Hindle akainamisha kichwa.

"Nashukuru kwa kunikaribisha, mama," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Mama Magdalene akacheka kidogo, akatazama dirishani. Alma aliona jinsi shingo yake ilivyolegea, naye roho ikamuuma.

Tangu siku hiyo Hindle alikuja kila Jumamosi. Akishakaa, mabomba ya kupasha joto yalianza kutoa sauti za umati, maelfu ya watu wakimwita kwa jina, na likipita shambulio zuri vikombe vilitikisika kabatini. Concessa, mama wa Kirundi wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa akifanya kazi zamu za usiku, alilalamika. Kampuni ya nyumba ikamtuma mtu na kifaa cha kupimia kelele. Akapima, akasema umati uko chini ya kiwango kinachokatazwa, akanywa kahawa, akaenda zake.

Hindle alipenda kusimulia maisha yake, na kila mara alifuata mpangilio uleule. Baba yake alikuwa mfumaji, akikohoa pamba. Yeye mwenyewe alianza kiwandani akiwa mdogo, na mpira walicheza uchochoroni kwa kibofu cha nguruwe. Klabu ikamchukua. Akacheza fainali ya kombe, mvua inanyesha, jezi ya sufu imelowa mpaka imekuwa mzigo, na krosi yake ndiyo iliyozaa bao. Mji mzima ukawapokea na bendi. Kisha beki mmoja akamvunja goti. Kisha alisafiri kidogo. Kisha akamwoa Edith, akafungua baa, wakapata Wilfred na Harold, watoto wazuri, kifua kikambana, akafa. Edith alimwekea jiwe zuri kaburini, lenye majina ya wote.

"Ulisafiri wapi?" Mama Magdalene alimuuliza Jumamosi moja.

"Huku na huku, mama. Kazi za useremala."

Hicho kidogo alichosafiri kilikuwa miaka minne Muheza. Huko ndiko alikojenga paa la kanisa, na huko ndiko alikomwacha Chausiku na mimba ya Yohana, baba yake Mama Magdalene.

Lililomtesa Mama zaidi ni Kiswahili chake. Hakikuwa cha vitabu vya misheni. Aliyavuta maneno mwishoni kama Bibi Chausiku. Kijiko cha chai alikiita mwiko mtoto, na duniani Mama hakuwahi kumsikia mtu mwingine akikiita hivyo isipokuwa Bibi Chausiku jikoni kwake. Mzungu kafunzwa kusema na mwanamke, kila neno alilo nalo kampa yeye, na jina la huyo mwanamke halimtoki. Mama alikuwa akifumba macho Hindle akiongea, na Alma alijua kwamba anamsikiliza bibi yake.

Dalia alimpenda mwanzoni. Alimpeleka uwanjani kucheza na wasichana wa timu yake, na Hindle alikimbia pembeni mwa mstari kama aliyefungwa kwa kamba, ingawa refa alimpigia filimbi mara kwa mara kwa kusukuma watu kwa bega, jambo ambalo enzi zake lilikuwa ruksa. Lakini Dalia alikuwa na macho. Jumamosi moja, wakati masimulizi yamefika kwenye goti, akamkatiza kwa Kiswidi, akamwambia bibi yake kwamba huyu mtu anadanganya na wao wote wanamwandalia chai. Hindle, ambaye hakujua Kiswidi, akatabasamu. Dalia akageukia Kiswahili, polepole, maana si lugha aliyoizoea.

"Babu, mbona humtaji?"

"Nimtaje nani?"

"Unamjua."

Hindle akatazama kikombe chake. Ndani ya mabomba umati ukaendelea kuimba. Akasema mvua za hapa ni nyepesi sana, si kama za kwao, akaaga.

Novemba Mama Magdalene alilazwa. Alma, akitoka kazini Jordbro kwenye ghala, alipanda treni moja kwa moja hadi hospitali, akakaa kando ya kitanda na sare yake ya kazi. Siku hizo Mama alikuwa akiongea kidogo kidogo, akipumzika katikati.

"Siku ya harusi yangu," akasema, "waliita wazee wa upande wa baba wa bibi harusi wasimame watambulishwe. Baba akasimama peke yake. Ukumbi mzima, yeye peke yake, na koti la kuazima. Watu wakacheka. Baba akacheka nao, ili aibu yake isionekane. Mimi nilitaka ardhi inimeze."

Alma alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Akamshika mkono.

"Simdai kitu yule kijana. Asinipe chochote. Ila wakiniaga, Egide akiita upande wa baba, asimame. Asimame tu, Alma. Hata asiseme neno. Yatosha kwa Baba, yatosha kwa Bibi."

Alma alimwendea Hindle uwanjani, mchana, kiza kikianza kuingia. Alimkuta akipiga mpira ukutani kwa mguu wa kushoto. Akamweleza yote, neno kwa neno, bila kupunguza, hata lile koti la kuazima. Alitaka kumpigia magoti. Alijikaza akabaki wima.

"Nitakuja," Hindle akasema.

"Utasimama?"

"Nitakuja, dada. Nawaheshimu sana."

Alma alirudi hospitali akamwambia Mama, "Kasema atakuja." Alijua vizuri kwamba hilo si jibu la alichoulizwa. Mama naye labda alijua. Lakini uso wake ulichangamka, akaomba apakwe mafuta mikono, akataja kitenge anachotaka kuvikwa, kile cha zambarau. Akafariki Alhamisi, mchana, Dalia akiwa amelala na kichwa juu ya godoro lake.

Mazishi yalisubiri wiki kadhaa, kama kawaida ya nchi ile. Kanisa dogo la makaburini lilijaa. Walikuja Watanzania wa mtaa wa Hjulsta, Wakenya, Wakongo na Warundi, na wauguzi wawili wa Kiswidi waliompenda marehemu. Hindle alikuja mapema. Jezi yake ilikuwa safi na kavu, kofia kaishika mkononi, na alikuwa na ua moja jeupe. Alikaa benchi la katikati, karibu na njia.

Bwana Egide aliongoza kwa utaratibu wake. Kwa sauti ya chini aliita kundi moja baada ya jingine, likasimama, likaenda kuweka maua juu ya jeneza. Aliwaita watoto. Alma akaenda na kaka yake. Akawaita wajukuu, akaenda Dalia na binamu zake waliotoka Gothenburg. Akaita upande wa mama wa marehemu, wakasimama watu watano, wengine undugu wenyewe wa kuhesabia vidole.

"Upande wa baba wa marehemu," Egide akaita.

Alma hakugeuka. Alikaa na mgongo wake wote ukisikiliza. Benchi halikulia. Mtoto mmoja akakohoa nyuma. Egide alikuwa na desturi ya kuita mara moja tu, watu walimjua kwa hilo. Safari hii akasubiri, akapangusa miwani, akaivaa tena, akamtazama mtu wa benchi la katikati.

"Upande wa baba wa marehemu," akarudia. "Yeyote yule."

Dalia ndiye aliyegeuka. Alimwona Hindle ametazama njumu zake, sikio lake la kushoto limekuwa jekundu.

"Haya," Egide akasema. "Majirani."

Hindle akasimama. Alisimama upesi, wa kwanza, kabla ya Concessa, akajiunga nao kwenye mstari. Akaweka ua lake juu ya jeneza kwa mikono miwili, vizuri, asije akayavuruga ya wengine. Wakati wa kurudi walipita mbele ya benchi la wafiwa kutoa mkono. Dalia aliuacha wake mfukoni mwa koti. Hindle akamfikia Alma. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na mgumu kwa kazi ya mbao.

"Pole sana, dada," akasema.

Alma alimtazama. Angeweza kumuumbua pale pale mbele za watu wote, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini Mama alisema hamdai kitu.

"Asante kwa kuja, jirani," akamwambia.

Hindle akaitikia kwa kichwa. Mabega yake yakashuka, uso ukatulia, na Alma akaona kwamba neno lile limempa nafuu. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, na Dalia akamwekea mkono mgongoni. Egide akasubiri kidogo, kisha akawaita wanakwaya.