Ukumbi wa Marehemu Baba

Darasa la usimamizi wa sanaa lilikuwa la Jumamosi asubuhi, na kila Jumamosi lilichelewa kuanza. Mwalimu hakugomba. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima wenye kazi zao, na kazi zenyewe zilikuwa za Ijumaa usiku. Mmoja alikuwa fundi taa, mwanamke mwembamba aliyekuja na tepu nyeusi imevishwa mkononi kama bangili, maana alitoka kazini moja kwa moja. Mwingine aliongoza kwaya iliyojulikana mji mzima, mtu wa makamo mwenye suti ya kahawia, nao walimwita Mzee wa Kwaya ingawa mvi zake zilikuwa za kuhesabika. Na wa tatu asiyekosekana alikuwa mchekeshaji, Kicheko, ambaye watu walimcheka hata akiomba kalamu. Wengine walikuja na kuondoka kadiri kazi zilivyowaruhusu.

Chuo kiliwapa chumba cha juu, jirani na darasa la uhasibu. Feni ililia kila ikizunguka. Mwalimu akifundisha namna ya kuandaa ratiba ya msimu au kumtafuta mfadhili bila kumpigia magoti, alilazimika kupaza sauti, na Kicheko alisema feni ile nayo iandikishwe, imehudhuria kuliko wengi.

Kazi kubwa ya kozi ilikuwa ngumu kwa makusudi. Darasa lilipaswa kuchagua sehemu ya sanaa iliyodorora, liandike mpango wa kuifufua, kisha liutekeleze angalau mara moja mbele ya watu. Walipokuwa wanajadili wachague wapi, Fundi Taa alisema, "Mwalimu, si marehemu baba yako ndiye aliyejenga ule ukumbi wa nyuma ya soko? Mimi taa yangu ya kwanza niliiwashia mle."

Mwalimu alisita. Ukumbi ule ulikuwa mikononi mwa kaka yake tangu mazishi. Siku zile, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka, kaka alimuuliza tufanyeje na ukumbi, naye akajibu kwamba afanye anavyoona yeye. Hakuwa na nguvu ya kufikiri. Baadaye alipata kazi chuoni, akawa anapita pale mara mojamoja tu, akiona mlango umefungwa, anaendelea na safari yake.

Lakini darasa zima lilikuwa linamtazama, na yeye mwenyewe alishaanza kuviona viti vimejaa. Jioni ile ile alikwenda kwa kaka.

"Kaka, tunauomba ukumbi. Wanafunzi wangu watausafisha, wataandaa onyesho, watauweka tena mdomoni mwa watu. Si wanafunzi wa kubahatisha, hawa ndio wanaofanya kazi yenyewe."

Kaka alikuwa anakaza nati ya kiti kilicholegea. Aliendelea kuikaza hata ilipokwisha kukazika.

"Chukueni," alisema. "Fanyeni mnavyotaka."

"Kweli?"

"Si nimesema chukueni, mdogo wangu?"

Alimkumbatia pale pale, spana ikiwa bado mkononi mwa kaka. Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aligeuka akarudi jikoni nalo. Mwalimu alidhani amesahau sukari.

Kazi ilianza. Waliusafisha ukumbi kutoka jukwaani hadi mlangoni. Walikuta ndoo zimepangwa chini ya paa kama wanafunzi mstarini, kila moja chini ya tundu lake. Fundi Taa alipanda ngazi akaziba matundu makubwa, akakagua nyaya moja baada ya nyingine, akatukana nyingine kwa heshima. Mzee wa Kwaya alipiga makofi katikati ya ukumbi, akasikiliza, akapiga tena karibu na ukuta, halafu akasema, "Aliyejenga hapa alikuwa na masikio." Mwalimu alikwenda nyuma ya pazia akajifuta macho. Baba yake alikuwa fundi seremala. Hakuna aliyewahi kumsifia masikio.

Walikwenda kuongea na wenye maduka ya jirani, waliwauliza wazazi ni saa ngapi wangeweza kutoka na watoto, walibadilisha siku ya onyesho mara walipojua kuna mechi kubwa. Yale mwalimu aliyokuwa anayaandika ubaoni miaka yote, akifuta na kuandika tena, sasa aliyaona yana miguu, yanatembea, yanabeba ngazi. Kicheko alisimama sokoni akigawa matangazo na kuwaambia akina mama, "Msipokuja, nitakuja kuchekeshea nyumbani kwenu, na mimi nikila huwa simalizi haraka."

Mchana wa siku ya onyesho, mwalimu alipanda kwenye chumba kidogo cha juu cha ukumbi, ambamo zamani mlikuwa na mashine ya kuonyeshea filamu. Alitaka kumwita kaka aje aone taa zinavyojaribiwa. Alimkuta amekaa kwenye kreti, ameshika tama, anatazama chini kupitia kidirisha. Taa ya bluu ilipita jukwaani, ikafuata ya rangi ya chungwa.

"Umeona, kaka? Umeona mambo?"

"Nimeona."

"Sasa mbona umekaa kama uko matangani?"

Kaka hakucheka. Alisogea akampa nafasi kwenye kreti, naye akakaa.

"Ukumbi nimeshauuza," alisema.

Alimsikia vizuri. Hata hivyo aliuliza, "Umesemaje?"

"Nimeuza. Siku uliyokuja kuniomba, nilikuwa nimeshamkubalia mtu. Nimeshatia saini, kila kitu kimekwisha. Anataka ghala la magodoro. Mwezi ujao anaanza kuingiza."

Chini, Fundi Taa alipiga kelele kwamba ya kushoto imekaa juu mno, mtu aishushe kidogo. Mwalimu alikuwa anatazama mikono ya kaka yake. Ilikuwa na makovu madogo madogo ya bati.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja umefurahi. Tangu baba afariki sijakuona umefurahi vile. Nikashindwa." Akageukia tena kidirisha. "Halafu nikasema, basi, angalau uwashwe taa mara moja kabla haujaondoka."

"Kaka, huyo mtu tukamwone. Tukamwombe."

"Nimeshakula hela yake, mdogo wangu. Nimelipa deni la ada ya watoto, nimeanza nyumba. Utamwomba nini?" Sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo, na hilo ndilo lililomvunja nguvu. "Uliniambia nifanye ninavyoona. Nimeona mpaka macho yameuma."

Alitaka kumgombeza. Alitaka kulia, lakini chini walikuwa wanamwita. "Mwalimu! Mwalimu, njoo uone!" Alishuka. Fundi Taa alimwonyesha jukwaa limezama kwenye mwanga laini kama wa alfajiri, akamuuliza, "Inakaaje?" Akajibu, "Inakaa vizuri sana." Hiyo ilikuwa nafasi yake ya kuwaambia. Aliona nyuso zao, zimejaa vumbi na furaha, akaiacha ipite.

Watu walikuja. Walijaa hadi wengine wakasimama ukutani, na wale wenye maduka walileta viti vyao wenyewe. Kwaya ilipoimba, sauti ilipanda hadi kwenye bati ikarudi imeiva. Kicheko aliwacheka wenye suti, akawacheka wasio na suti, akajicheka mwenyewe hadi mama mmoja wa mstari wa mbele akaomba amhurumie mbavu zake. Mwalimu alikaa kiti cha pembeni. Kila watu walipocheka alihisi kama yuko nyuma ya kioo, anaona midomo tu.

Mwisho kabisa Kicheko aliinua mikono, ukumbi ukatulia.

"Jamani, hii ilikuwa kuonja tu. Mwezi ujao tuko hapa hapa! Na mwezi wa baada ya huo! Ukumbi huu haufungwi tena!"

Watu walisimama wakapiga makofi. Mwalimu aligeuka akamtafuta kaka yake. Alikuwa karibu na mlango, anapiga makofi kama wengine, kwa nguvu, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, wala hayafuti.

Jumatatu alikwenda nyumbani kwa kaka na maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima. Hakumkuta. Wifi alimkaribisha, safari hii sinia lilifika mezani.

"Wifi, nawe ulijua?"

"Nilijua. Nilimwambia akueleze, akasema kesho, kesho." Alimimina chai. "Lakini nami nikuulize, wifi. Unajua mvua ikinyesha, humu ndani hatulali? Mwenzangu anatoka na koti lake anakwenda kumwaga ndoo za baba yenu. Miaka yote hiyo. Magoti hayakunjiki siku hizi, lakini anapanda bati. Umewahi kumwona akiwa juu ya lile bati?"

Hakuwahi.

"Basi kunywa chai," wifi alisema, akamsogezea kikombe. Hakusema kwa ubaya. Maneno yote aliyokuja nayo yaliishia hapo, akanywa.

Jumamosi darasa liliwahi. Hilo halikuwahi kutokea. Walikuwa wamekwisha kuchora ubaoni ratiba ya msimu mzima, kwaya wiki hii, vichekesho wiki ile, Mzee wa Kwaya amepata hata kikundi cha watoto cha kufungua. Mwalimu alisimama karibu na mlango na mkoba bado begani. Akawaambia. Aliwaambia kwa maneno machache, maana yakiwa mengi angeshindwa kuyamaliza.

Feni ililia. Kicheko aliangalia huku na huku, kama mtu anayengoja mwenzake acheke kwanza.

"Ulijua lini, mwalimu?" Mzee wa Kwaya aliuliza.

"Mchana ule wa onyesho."

"Kabla hatujapanda jukwaani."

"Kabla."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. "Mimi nimewaahidi wazazi wa wale watoto," alisema.

Fundi Taa alisema lazima kuna njia. Kwani wao wamejifunza nini humu ndani? Si kuongea na watu? Akasimama hapo hapo, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na wazo jingine, wote wakamfuata kwenda kumwona mnunuzi, mwalimu akiwa nyuma yao kama mgeni.

Walijiandaa kukutana na simba. Walimkuta baba mmoja mpole mwenye miwani, dukani kwake, katikati ya magodoro yaliyofungwa nailoni. Aliwaomba wakae juu ya magodoro, hakukuwa na viti, nao wakazama. Ni vigumu kudai kitu ukiwa umezama. Aliwasikiliza wote hadi mwisho bila kumkatisha hata mmoja. Fundi Taa alimweleza mpango, hadhira, wenye maduka walioahidi kusaidia, uwezekano wa kukodi hata siku moja tu kwa mwezi.

"Nilikuja," mnunuzi alisema. "Siku ile nilikuja na mke wangu. Tulikaa nyuma. Ile kwaya..." Akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa. "Mke wangu anaiimba mpaka leo."

"Basi, mzee!" Kicheko alisema.

"Lakini hapa nilipo nafukuzwa, mwanangu. Mwenye jengo analitaka. Mzigo huu nitauweka wapi? Nikiwaachia ukumbi, mimi ndiye nitakuwa nje."

Aliwasindikiza hadi barabarani. Alimpa kila mmoja mkono, akamwomba Mzee wa Kwaya amjulishe watakapoimba tena, popote. Na alimaanisha. Kama angekuwa mtu mbaya, wangepata angalau mtu wa kumsema njiani. Kwenye kona Kicheko alisema anaelekea huku, ingawa wote walijua kwao si huku.

Siku ya kung'oa viti mwalimu alikwenda. Hakualikwa na mtu. Kaka alikuwepo pia, anawaonyesha vibarua nati zipi zinafunguka na zipi zimeshika kutu, anawaambia wasivute kwa nguvu, kiti kitapinda, kana kwamba viti vile vilikuwa na safari ya kwenda mahali. Walikuwa wanavipakia kama chuma chakavu.

"Umekuja," kaka alisema.

"Nimekuja."

Akamshika bega, akaliachia, akarudi kwa vibarua. Mwalimu alibaki katikati. Alikuwa na shahada ya kusimamia mambo kama haya, aliwahi kufundisha nusu ya watu wanaoendesha kumbi za mji huu, na hakukuwa na kitu hata kimoja pale cha kushika. Alimwona kibarua anahangaika na kiti cha pembeni, akaenda akamshikia upande wa pili.

Alama alizitoa. Chuo kilizitaka, na darasa lilistahili za juu kabisa, kwa hiyo aliwapa. Mkuu wa idara alimpongeza kwa mradi wa mfano, akamuuliza kama mwakani anaweza kurudia kitu kama kile. Alisema ataangalia.

Jumamosi iliyofuata mada ilikuwa namna ya kudumisha taasisi. Mzee wa Kwaya alikuja, suti ile ile ya kahawia, akakaa mbele. Fundi Taa alikuja akiwa amechoka, akalaza kichwa kwenye meza. Kicheko hakuja, na hakuja tena. Baadaye walisikia amepata kazi ya kutangaza mauzo kwenye duka la vyombo, anasimama mlangoni na kipaza sauti, na watu wanasimama kumsikiliza.

Mwalimu alichukua kalamu, akaandika kichwa cha mada ubaoni. Aligeuka akawatazama. Nao walikuwa wanamtazama, kwa heshima, kama watu wanaomhurumia mgonjwa na hawataki ajue.

"Mwalimu," Mzee wa Kwaya alisema kwa upole, "endelea tu. Tunakusikiliza."