Hereni ya Pakiteng

Kizuizi kilikuwa gogo moja la mkaratusi juu ya madebe mawili, kwenye njia ya kwenda josho la Daa. Nasha alikuwa ametembea tangu alfajiri na ng'ombe wake mmoja, kiwele kimejaa. Ndama alimwacha nyumbani amefungwa. Akiwahi kurudi, ndama angenyonya na mwanawe angepata kikombe chake. Akichelewa, wote wawili wangelia.

Filbert, kijana wa mradi wa kusajili mifugo, alivaa miwani myeusi ambayo haikuwa ya jua. Alimtazama ng'ombe, kisha akatazama hewa juu ya pembe na kusoma maandishi aliyoyaona yeye tu.

"Mmiliki ni Martha Qamara, Endamarariek. Ndiye wewe?"

"Mimi ni Nasha Kaika. Ng'ombe ni wangu."

"Alikuuzia?"

"Alinipa."

"Kwenye mfumo hakuna kupewa, mama. Kuna kuuziwa, kurithi na kufa."

Haya, mfumo! Aliyeutengeneza hakuwahi kushukuriwa na mtu.

"Nani alikupa?"

"Pakiteng."

Miaka mitatu nyuma, Martha alilazwa hospitali baada ya kujifungua, na Nasha akamnyonyesha mtoto wake wiki tano, pamoja na wa kwake. Martha alipopona alimletea mtamba, tayari ana hereni ya kielektroniki sikioni. Kwa Wamaasai, waliopeana ng'ombe hawaitani tena majina. Kila mmoja humwita mwenzake Pakiteng, na kumtaja kwa jina ni kama kumrudishia ng'ombe mlangoni. Zamani Martha alimwita Mama Simel. Tangu siku hiyo ni Pakiteng tu.

Filbert aliandika, akangoja. "Hakuna raia anayeitwa Pakiteng."

"Si umpigie simu!"

Akapiga, akaweka spika. "Martha Qamara? Unamfahamu Nasha Kaika?"

Kuku walisikika upande wa pili. "Nasha yupi? Simjui mtu huyo, mwanangu."

"Pakiteng!" Nasha alipiga kelele. "Ni mimi!"

"Wee! Pakiteng? Sasa mbona hakusema ni..."

Filbert akakata simu. "Jibu la kwanza ndilo linaloingia. Limeshaingia." Akamgeukia Julius, mgambo wake. "Mpeleke zizini. Atanadiwa Ijumaa."

"Mpigie tena."

"Mfumo umefunga."

"Mfumo umefunga, na wewe masikio yamefunga? Si umemsikia!"

"Dada, usijitafutie kesi," Julius alisema kwa upole, akimfungua ng'ombe kamba ili amtie kitanzi chake.

Nasha alishikwa na hasira, lakini hakulia. Watu kama Filbert hupenda ulie. Wakishakupa pole, huona wamemaliza kazi.

Alichomoa kisu kiunoni, akamshika ng'ombe sikio na kukata kishikizo cha hereni. Ng'ombe akatikisa kichwa.

"Mama! Kuitoa ni kosa la jinai!"

Nasha aliipangusa hereni kwenye shuka. Akaipachika kwenye tundu pana la sikio lake mwenyewe, ikakaa vizuri tu. Akasimama mbele ya miwani.

"Nitazame."

Filbert hakuwa na pa kukwepea. Maandishi mekundu yalikuwa juu ya kichwa cha mwanamke.

"Soma. Kwa sauti, Julius asikie."

"Vua hicho kitu."

"Soma!"

Filbert alilamba midomo. "Jike. Miaka minne. Anakamuliwa. Mmiliki, Martha Qamara." Sauti ilipungua. "Azuiwe."

"Kumbe unajua kusoma."

Ng'ombe, bila kamba wala hereni, alikuwa ameshageuka, akiifuata njia ya kwa ndama wake. Hakuna aliyemzuia. Kwenye miwani hakuwapo tena.

"Kamata, Julius!"

Julius alisimama na kitanzi mkononi. Alimtazama ng'ombe anayeondoka, akamtazama Nasha.

"Yupi, bosi?"

Filbert alitazama tena maandishi mekundu, akayasoma mpaka mwisho.

"Mwenye hereni," alisema.

Nasha akainua shingo. "Haya, funga."