Shimo Lenye Mandhari

Kila mgeni aliyelala kwenye ile loji ya Karatu alipanda mti mmoja kabla ya kuondoka, ili kufidia moshi wa ndege iliyomleta. Ndivyo kibao cha getini kilivyosema. Hakikusema kwamba mashimo yalikuwa sita tu, pale ambapo picha hutoka na msitu wa Ngorongoro kwa nyuma, wala kwamba wageni wakishaondoka, Penina wa bustani huing'oa miche na kuitupa nyuma ya jiko, ili mashimo yasubiri kundi lingine. Uchafu mtupu, na Penina aliufanya kwa sababu kazi ni kazi.

Mmoja tu hakuung'oa. Mringaringa ule ulipandwa mwezi wa pili, ukashika, naye akaunywesha maji yaliyooshewa mboga hadi ukampita kiuno. Kila akiutazama alijiambia, walau huu si uongo.

Jumatano akaja Modest, meneja.

"Dada Penina, toa hicho kimti. Wageni sita, mashimo matano, itakuwaje?"

"Bosi, nichimbe jingine kule bondeni."

"Kwenye matenki ya maji? Nani atapiga picha na tenki?"

Mgeni aliyepangiwa shimo la mringaringa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kofia pana. Huyu ataelewa, Penina akawaza. Akamwomba Adrian, mwongoza watalii, amweleze yote: mashimo, miche, lile lundo la nyuma ya jiko. Adrian alijikuna shingo, lakini akatafsiri. Mama alisikiliza, akasikitika kweli kweli. Kisha akauliza jambo.

"Anauliza nyumbani unapikia nini," Adrian akasema.

"Kuni."

"Anasema ujitahidi kuziacha. Dunia ni yetu sote, kila mtu abebe mzigo wake." Adrian akainamisha macho. "Na anaomba mti wake using'olewe mpaka apige picha."

Nyani haoni kundule! Kinyaa kilimpanda Penina kama mtu aliyeuma embe lenye funza. Tena alijichukia mwenyewe, maana mikono yake ilikuwa imeshaukamata mringaringa. Uligoma kutoka. Ikabidi atie jembe, akausikia mzizi ukikatika. Mama akapanda mche wake, akatabasamu, akapigwa picha, gari likaondoka.

Jioni Penina alikusanya lundo lote la nyuma ya jiko, miche mikavu ya miezi na miezi, vibao vya majina ya wageni bado vikining'inia, akajitwika hadi nyumbani. Mringaringa aliuchomeka kando ya zizi, ingawa alijua hautashika. Akabandika maharage.

Vibao viliwaka kwanza. Alichochea mche baada ya mche, wa yule, wa huyu, mpaka yote ikawa jivu. Akafunua sufuria, akabonyeza punje moja kwa kidole.

Ilikuwa bado ngumu.