Farasi Asiye na Haraka

Farasi alikuwa bado anatembea kwenye pazia la sinema. Tangu tuketi, shujaa wa zama za kale, mwenye deraya na joho jekundu, alikuwa akivuka uwanda wa theluji akikokota kengele kubwa ya shaba, na hakuna aliyekuwa amesema neno. Watu wakaanza kutoka. Kwanza wapenzi wawili waliokaa mbele yetu, kisha kundi la wanafunzi, kisha bwana mmoja aliyeuliza kwa sauti, ili wote tusikie, kama huyo farasi alikuwa analipwa kwa saa.

Mama hakugeuka. Alikuwa ameinama mbele, kidevu juu ya ngumi, kichwa chake kikienda taratibu kutoka kushoto hadi kulia, kikarudi, kama mtu anayepaka ukuta rangi. Nilimnong'oneza kama tuondoke. Akanibana goti.

Saa hiyo tulitakiwa tuwe nyumbani. Kaka yangu mkubwa alikuwa anakuja na gari kumhamishia mama kwake, moja kwa moja. Presha ya macho ilikuwa imemla kimyakimya, kutoka pembeni kuingia ndani. Yeye aliyeendesha malori maisha yake yote, hadi madereva wenzake wakambandika jina la Gia Kubwa, sasa alisema anaiona dunia kama anachungulia kwenye bomba. Daktari alisema hata hilo tundu litaziba.

Basi kaka akaitisha kikao cha familia. Mama akiwa amekaa palepale katikati yetu, akazungumziwa kama kabati: atawekwa chumba gani, nani atamwogesha, nyumba ifungwe lini. Nilipopinga, kaka alinikatiza kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Mapenzi, alisema, hayamwongozi kipofu njia. Mama alisikiliza hadi mwisho, akaomba chai.

Siku ya kuhama tulipitia kliniki. Wakati wa kurudi mama akasimama ghafla mbele ya ukumbi wa sinema, akasogeza uso karibu na bango, akalikagua kona hadi kona: wekundu wa joho, weupe wa theluji.

"Nipeleke hii," akasema.

Nikamkumbusha kwamba kaka anatungoja.

"Anajua kungoja? Hajui. Leo atajifunza."

Ndivyo tulivyofika pale, na ndivyo tulivyobaki wawili katika ukumbi mzima. Mkata tiketi, mtu wa makamo mwenye adabu zake, akaja na tochi. Akatuomba radhi, akaeleza kwamba kwa watu wawili wangependa kufunga mapema. Tungeweza kurudi siku yoyote kutazama picha nyingine, ya mapigano, iliyochangamka.

"Baba, zima tochi," mama akamwambia. "Unaniharibia theluji."

Akazima. Mama akaendelea kwa sauti ileile ya chini, macho yakiwa kwenye pazia.

"Picha za mbio hunikimbia. Nikilipata jicho la mtu, mtu mwenyewe ameshaondoka. Hii inaningoja. Kaa, utazame na wewe."

Ndipo nikaelewa kile kichwa kilichokuwa kikienda na kurudi. Alikuwa akiikusanya picha kipande kwa kipande: ukwato, mvuke wa pumzi ya farasi, ukingo wa joho, na picha ilikuwa imesimama ikimngoja. Mkata tiketi akakaa.

Shujaa akafika kwenye mji wake, akaukuta majivu matupu. Akaitundika kengele kwenye mti uliobaki umeungua, akaanza kuipiga. Mkata tiketi akauliza, anampigia nani na watu wameisha?

"Anapiga," mama akasema. "Basi."

Nyumbani tulimkuta kaka amesimama kizingitini, masanduku yakiwa ndani ya gari, godoro la mama limefungwa juu ya paa. Alinigombeza mimi, kwa kuwa mama hagombezwi. Mama akampita, akapapasa ubavu wa gari hadi akaipata kamba, akaivuta mara moja. Fundo likaachia.

"Nani amefunga hivi? Mzigo huu ungemwagika kwenye kona ya kwanza."

Kaka akamwomba asianze. Akamwambia ataanguka humo ndani, peke yake, na hakuna atakayejua.

"Nimewahi kuanguka na lori zima," mama akasema. Kisha akaushika mkono wake. "Mwanangu, nitakuwa kipofu, sikatai. Lakini nitakuwa kipofu humu, ambamo milango inanijua. Kwako nitakuwa kipofu na mgeni. Mawili kwa mkupuo siyawezi."

Kaka alinitazama mimi, kana kwamba ningemsaidia. Nikaenda kushika upande mmoja wa godoro. Kaka uso ukamvimba. Halafu akashika upande wa pili, tukalirudisha ndani.

Mama hakungoja giza limfuate. Kila asubuhi alijifunga kitambaa machoni akaizunguka nyumba, akigonga meza, akitukana, akiendelea. Tundu lilipoziba kabisa hatukujua siku yenyewe. Alitutajia baadaye, akimenya viazi.

Kaka huja Jumapili, hukaa hadi jioni. Umeme ukikatika, mama humshika mkono, akamtoa hadi mlangoni.