Kahawa ya Kwa Rwegoshora

Kokubanza alikuwa na ugonjwa usio na dawa: kuuliza. Pale kijijini Kaisho walimwonya kwamba mdomo utamponza, naye akauliza utamponza vipi. Basi Jumapili mhubiri aliposoma "Heri wapatanishi," wenzake waliitika amina. Yeye alirudi nyumbani akijiuliza, mpatanishi huanzia wapi?

Wa kupatanishwa hawakuwa mbali. Mumewe, Yustus, alikuwa hasemezani na kaka yake Rwegoshora tangu mavuno, ingawa migomba yao imepakana. Sasa Placidia, binti wa Rwegoshora, alikuwa aolewe Jumamosi. Katika ukoo wao bibi harusi hutolewa nyumbani na baba mdogo, na Rwegoshora alikwisha kutafuta mtu baki wa kushika nafasi hiyo. Likifanyika hilo mbele ya watu, undugu umekufa. Kokubanza, aliyembeba Placidia mgongoni tangu akiwa mchanga, aliumia moyo.

"Ananichukia kwa sababu nimeokoka," Yustus alisema.

"Alikuambia?"

"Aniambie ya nini? Najua."

Jibu hilo lilimzidishia hamu ya kujua. Akajifunga khanga, akaenda. Alimkuta Rwegoshora anageuza kahawa juani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya, "sikuja kusuta mtu. Nimekuja kuuliza tu. Mdogo wako alikukosea nini?"

Rwegoshora aliacha kugeuza kahawa. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu ikakaushwa. Akatafuna punje yeye kwanza, kama afanyavyo kila mwenye nyumba ili mgeni ajue haina sumu, ndipo akamkaribisha.

"Wakati wa mavuno nilimfanyia hivi hivi. Nilitafuna ananitazama. Akarudisha mkono! Ndugu wa tumbo moja, Kokubanza. Anadhani nitamuua?"

Kokubanza alitafuna, machozi yakimlenga. Njiani alikuwa amebuni sababu chungu nzima, na hii haikuwemo.

Yustus alipoambiwa, akiwa migombani anakata majani, panga lilimponyoka.

"Sumu? Siku ile nilikuwa nimetoka kuungama kanisani, nimeahidi kuachana na mizimu. Na kahawa hiyo ndiyo babu alikuwa akiwapa mizimu! Nilimkimbia shetani, si kaka yangu."

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilidhani anajua."

"Na yeye alidhani anajua, Baba Eugenia."

Yustus aliliacha panga pale pale migombani, akaondoka na matope yake miguuni. Kokubanza akamfuata nyuma, angewezaje kubaki?

Rwegoshora aliwaona wanakuja. Alichukua kikapu, akachagua punje ya kuonja kwanza. Yustus akamshika mkono, akaitwaa punje mwenyewe. Akamshukuru Mungu kwa sauti, kwa jina la Yesu, akatafuna kabla mwenye nyumba hajaonja chochote.

Rwegoshora alimaka.

"Mjinga wewe! Na kama ningekuwa nimetia kitu?"

"Ningekuwa nimefia nyumbani," Yustus akasema, huku akinyoosha mkono apewe nyingine.

Rwegoshora aligeuka upande akajifuta uso kwa kiganja, asionekane. Lakini sauti ilimsaliti alipoita kuelekea ndani:

"Placidia! Leta kiti, mwanangu. Baba yako mdogo amekuja."